Mrushaji mkongwe asiyepata ushindi: uchambuzi wa uamuzi mmoja katika besiboli ya fantasi

Mazingira ya kisa

Kisa hiki kinahusu msimu wa 2025 wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani, na uamuzi ambao meneja mmoja wa timu ya fantasi, yaani timu ya kubuni yenye wachezaji halisi inayoshindana kwa takwimu zao, alilazimika kuufanya katikati ya Julai kuhusu Justin Verlander, mrushaji wa kuanza wa San Francisco Giants, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 42. Takwimu za Verlander ni za hadharani na zimetajwa kama zilivyo. Meneja, mshauri wake na ligi yao hawatajwi, na mambo yanayoweza kuwatambulisha yameondolewa. Inatosha kusema kwamba wote wawili ni Waafrika Mashariki wanaoishi Marekani, kwamba mshauri ni mkubwa kwa umri na ameifuatilia besiboli kwa miaka mingi, na kwamba meneja aliingia katika mchezo huu akitokea kwenye fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, ambako mchezaji mwenye jina kubwa asipofunga kwa wiki kadhaa huuzwa bila majadiliano marefu.

Ligi yao ilikuwa ya timu 12, zikikutana mbilimbili kuanzia Jumatatu hadi Jumapili na kushindana kipengele kwa kipengele. Upande wa warushaji vilihesabiwa vipengele vitano: ushindi, mechi zilizookolewa (uongozi mdogo uliolindwa na mrushaji wa mwisho), straikauti (wapigaji waliotolewa bila kuupiga mpira uwanjani), ERA na WHIP. ERA ni wastani wa mikimbio, yaani alama, ambayo mrushaji mwenyewe anawajibika nayo katika kila iningi 9, ambazo ndizo vipindi vya mechi ya kawaida, ilhali WHIP huonyesha ni wapigaji wangapi anaowaruhusu kufika bezi, kwa hiti (mpira aliopiga mpigaji vizuri) au kwa bezi ya bure, katika kila iningi moja; zote mbili zikiwa ndogo ndiyo bora. Kuhusu ushindi, msomaji asiyeijua besiboli ashike jambo moja, kwa kuwa kisa chote kinaegemea hapo: mrushaji wa kuanza hupewa ushindi iwapo tu amerusha angalau iningi 5, ametoka timu yake ikiwa inaongoza, na uongozi huo haukupotea tena mpaka mwisho. Anaweza kurusha vizuri sana akaambulia patupu kwa sababu wapigaji wake hawakufunga, au kwa sababu warushaji wa akiba walioingia baada yake waliuachia uongozi ukapotea.

Ndiyo maana Félix Hernández alitunukiwa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa msimu, mwaka 2010 akiwa ameshinda mechi 13 na kushindwa 12, na Jacob deGrom akaipata mwaka 2018 kwa ushindi 10 tu huku ERA yake ikiwa 1.70. Wapiga kura wa tuzo hiyo walikwisha kutambua kwamba idadi ya ushindi haimpimi mrushaji peke yake. Ligi nyingi za fantasi, hata hivyo, bado zinauhesabu, na meneja hana budi kuishi na kanuni za ligi yake.

Mchezaji mwenyewe

Verlander si mrushaji wa kawaida aliyezeeka. Ametwaa Cy Young mara tatu, mwaka 2011, 2019 na 2022, na ile ya mwisho aliipata baada ya upasuaji wa kiwiko uliomweka nje karibu misimu miwili. Alirudi akiwa na miaka 39, akashinda mechi 18 na kushindwa 4, na ERA yake ikawa 1.75. Lakini mwaka 2024, akiwa na Houston Astros, bega na shingo vilimsumbua, akaanza mechi 17 tu, na ERA ikapanda hadi 5.48. Giants walimchukua Januari 2025 kwa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 15. Alikuwa na ushindi 262 katika maisha yake ya mchezo, na hakuficha kwamba lengo lake ni kufika 300.

Meneja alimchagua katika raundi za mwisho za uchaguzi wa wachezaji wa Machi, wakati ambapo kila mrushaji aliyebaki alikuwa na kasoro ya aina fulani. Sababu zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa uwanja. Oracle Park ya San Francisco iko kando ya ghuba, hewa yake ni ya baridi na nzito, na ukuta wa upande wa kulia katikati uko mbali mno, hivi kwamba mipira mingi ambayo kwingineko ingekuwa homurani, yaani kupigwa nje ya uwanja, huishia mikononi mwa walinzi. Kwa mrushaji ambaye wapigaji humpiga zaidi mipira ya juu, kama Verlander, huo ni msaada mkubwa. Sababu ya pili ilikuwa jina, naye meneja hakusita kuikiri. Kwa maoni yangu sababu ya kwanza ilitosha, na hii ya pili ndiyo iliyoleta matatizo baadaye.

Mambo yalivyokwenda hadi Julai

Aprili ilipita bila ushindi. Mei nayo ikapita bila ushindi, na katika nusu ya pili ya mwezi huo Verlander akaingia kwenye orodha ya majeruhi kwa sababu ya msuli wa kifua upande wa kulia. Meneja alimhamishia kwenye nafasi ya majeruhi, ambayo haili nafasi ya benchi, na kwa karibu mwezi mmoja suala lake likawa halina gharama yoyote. Aliporejea katikati ya Juni, Giants walikuwa wamempata mpigaji Rafael Devers kutoka Boston siku chache kabla, na matumaini yakaibuka kwamba sasa wapigaji watamfungia mikimbio.

Haikuwa hivyo. Katika baadhi ya mechi alirusha vizuri, timu ikafunga kidogo mno. Nyingine alitoka akiongoza, warushaji wa akiba wakapoteza. Nyingine, na hili lisifichwe, alipigwa mwenyewe kwa haki kabisa. Msimu ulipofika mapumziko ya katikati alikuwa ameshindwa mechi 7 bila kushinda hata moja. Mechi ya kwanza baada ya mapumziko, Ijumaa ya tarehe 18 Julai mjini Toronto, hakuimaliza hata iningi ya tatu. Kushindwa kukafika 8, na ERA yake ikawa imekaribia 5. Alikuwa ameanza mechi 16.

Usiku huo meneja alimwandikia mshauri: "Kaka, huyu mzee nimwachie aende?"

Jibu lilikuja asubuhi: "Mdogo wangu, ukiniuliza hivyo nitakujibu vibaya. Niambie kwanza unamtaka akufanyie nini."

Uamuzi na sababu zake

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, kumwachia na kuchukua mchezaji huru. Waliokuwapo walikuwa vijana wawili waliopandishwa karibuni kutoka ligi za chini, na ambao klabu zao zilikuwa zikiwatoa mapema ili wasichoke. Ya pili, kumbadilisha. Meneja mwingine alikuwa tayari kumtoa mrushaji wa akiba ambaye hakuwa na uhakika wa kupewa kazi ya kuokoa mechi. Ya tatu, kumbakiza kwa masharti.

Mshauri aliweka ushindi kando kabisa, kisha akatazama mambo ambayo mrushaji anayatawala kwa mkono wake. Mpira wake wa kasi ulikuwa bado unakwenda karibu maili 94 kwa saa, ambayo ni takriban kilomita 151, na haukuwa umepungua kulinganisha na mwaka uliotangulia. Hili lilikuwa muhimu kwake kuliko yote, kwa sababu mkongwe anayemalizika kwa kawaida huanza kumalizika kwenye kasi; matokeo huporomoka baadaye. Straikauti zake zilikuwa zimeongezeka kidogo kuliko za 2024, wakati alipopata 74 tu katika iningi 90. Mipira iliyopigwa ikaingia uwanjani ilikuwa ikigeuka kuwa hiti kwa wingi kupita kawaida, ambayo ni takriban mipira 3 katika kila 10, na kiwango hicho kwa warushaji wengi hurudi kwenye wastani kadiri iningi zinavyoongezeka.

Kwa upande wa pili alihesabu mambo yasiyopendeza. Mkongwe huyu alikuwa akitumia mipira mingi kwa kila mpigaji, kwa hiyo alifika iningi ya tano akiwa amechoka, na mara nyingi hakuvuka hapo. Mrushaji wa iningi 5 huacha iningi 4 mikononi mwa wengine, na kwa hiyo nafasi yake ya kupata ushindi ni ndogo hata siku anaporusha vizuri.

Ushauri ukawa hivi: abaki, lakini asianzishwe kwa mazoea. Atumike nyumbani Oracle Park, au ugenini dhidi ya timu zenye wapigaji dhaifu. Asitumike kamwe Coors Field, uwanja wa Colorado ulioko juu sana kutoka usawa wa bahari na ambako mpira huruka mbali. Ikifika Jumapili na timu ya meneja inaongoza kwa ERA na WHIP, akae benchi. Ikiwa inafuata nyuma kwa straikauti, aingie. Baada ya mechi nne kasi na straikauti zake zitazamwe tena, si ushindi. Mshauri aliongeza sentensi moja ambayo nitairudia katika uchambuzi: alisema kwamba ushindi "utakuja tu", kwa kuwa mrushaji wa kiwango hiki hawezi kukosa hivi mpaka mwisho.

Yaliyofuata

Jumatano ya tarehe 23 Julai Giants walikuwa Atlanta. Ilikuwa ugenini, dhidi ya timu ambayo meneja hakuihesabu kuwa dhaifu kwa kupiga, kwa hiyo Verlander alikaa benchi kwenye fantasi. Uwanjani alirusha iningi 5 bila kuruhusu mkimbio, Giants wakashinda 9 kwa 3, na katika mechi yake ya 17 akapata ushindi wa kwanza wa msimu, wa 263 katika maisha yake. Ujumbe alioutuma meneja usiku ule haufai kunukuliwa hapa. Mshauri alimjibu kwamba sharti lilikuwa sahihi jana na leo bado ni sahihi.

Mwisho wa Julai, dirisha la kubadilishana wachezaji lilipofungwa, Giants waliwauza warushaji wawili muhimu wa akiba: Tyler Rogers alikwenda New York Mets, na Camilo Doval, aliyekuwa akiokoa mechi, akaenda New York Yankees. Kati ya meneja na mshauri hakuna aliyelitaja jambo hili.

Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 10 Agosti. Giants walikuwa nyumbani, na wageni wao walikuwa Washington Nationals, moja ya timu dhaifu za msimu huo. Meneja alikuwa akiongoza kwa ERA na WHIP, na straikauti alikuwa amekwisha kuzishinda. Sharti la Jumapili lilisema wazi kwamba Verlander akae. Lakini mkongwe alikuwa amebakiza straikauti chache tu kufikia 3,500, idadi ambayo warushaji 9 tu walikuwa wameifikia katika historia ya ligi kuu, na meneja alitaka jina hilo liwe kwenye kikosi chake siku hiyo. Akamwanzisha. Straikauti ya 3,500 ilipatikana, uwanja ukasimama kumpigia makofi, na halafu Nationals wakampiga hiti 11 na kupata mikimbio 5. ERA na WHIP vyote vikapotea katika alasiri moja, na pambano la wiki likapotea navyo.

Sasa meneja alitaka kumtupa kwa hasira. Mshauri alimzuia, akimkumbusha kutazama kasi na straikauti kama walivyokubaliana, na vyote viwili vilikuwa imara. Verlander akabaki.

Jumapili ya tarehe 31 Agosti hali ilikuwa kinyume: meneja alikuwa nyuma kwa straikauti, na ERA alikuwa ameshaikosa tangu Ijumaa. Giants walikuwa nyumbani dhidi ya Baltimore Orioles. Safari hii sharti lilisema aingie, naye akaingia. Alirusha zaidi ya mipira 100 katika iningi 5 tu, akapata straikauti 10, na kipengele hicho kikageuka.

Septemba timu ya meneja iliingia kwenye mechi za mtoano na ikatolewa nusu fainali kwa sababu zilizowahusu zaidi wapigaji wake. Verlander alimaliza msimu akiwa ameanza mechi 29, iningi 152, straikauti 137, ERA 3.85, ushindi 4 na kushindwa 11. Kuanzia mechi ya Atlanta hadi mwisho, ERA yake ilikuwa chini ya 3.

Uchambuzi: lililofanya kazi

Uamuzi wa kumbakiza ulikuwa sahihi, na ulikuwa sahihi kwa sababu zilizotajwa siku ulipofanywa. Ninalisisitiza hili kwa kuwa katika fantasi ni rahisi sana kuupima ushauri kwa matokeo yaliyokuja baadaye. Verlander angeweza kuumia tena mwezi Agosti, na kwa mtu wa umri wake hilo lingekuwa jambo la kawaida. Ushauri bado ungebaki kuwa mzuri. Kasi ilikuwepo, straikauti zilikuwepo, na hiti alizokuwa akiruhusu zilipita kiasi ambacho kwa kawaida hudumu. Gharama ya kumbakiza ilikuwa nafasi moja ya benchi, na waliokuwa wakisubiri kuichukua hawakuwa na uhakika wa iningi za kutosha.

Lakini thamani kubwa zaidi ya ushauri, naona, ilikuwa kubadilisha swali. Meneja aliuliza kama amwachie au asimwachie, na swali la namna hiyo humtendea mchezaji kana kwamba ni kitu kimoja kila siku. Mrushaji wa miaka 42 si kitu kimoja kila siku. Nyumbani, katika hewa nzito ya ghuba, dhidi ya timu dhaifu, siku ambayo unahitaji straikauti, ni mali. Siku nyingine, ukiwa na ERA ya kulinda, ni hatari ambayo hukulazimika kuibeba. Mapambano ya wiki yanampa meneja uwezo wa kuchagua siku, uwezo ambao ligi zinazojumlisha takwimu za msimu mzima hazimpi kwa kiasi hicho, na wengi hawautumii kwa mchezaji ambaye jina lake linawafanya waone haya kumweka benchi.

Tazama hesabu ya Jumapili ile ya Agosti kwa mfano wa namba nyepesi. Tuseme warushaji wako wamekwisha kurusha iningi 40 katika wiki na kuruhusu mikimbio 15. ERA ni 3.38. Ukiongeza mechi moja ya iningi 5 na mikimbio 5, jumla inakuwa mikimbio 20 katika iningi 45, na ERA inaruka hadi 4.00. Tofauti hiyo inatosha kupoteza kipengele katika mapambano mengi. Angekuwa amerusha iningi 5 bila doa, ERA ingeshuka hadi 3.00, kwenye kipengele ambacho tayari alikuwa anakiongoza. Faida haikuwepo, hasara ilikuwepo. Kilichoamua siku ile ni historia ya mchezaji, na ninaielewa hamu ya meneja ya kuwa sehemu ya siku kama ile. Lakini straikauti ya 3,500 ilihesabiwa sawa na ya kwanza kwenye ligi yake, yaani moja.

Uchambuzi: lililoshindikana

Kosa zito liko katika ile sentensi ya mshauri kwamba ushindi utakuja tu. Hiti nyingi kupita kawaida hurudi kwenye wastani, na hapo mshauri alikuwa na haki. Lakini kurudi kwenye wastani maana yake ni kwamba mechi zijazo zinatarajiwa kuwa za kawaida; haina maana kwamba zitalipa deni la zile zilizopita. Mrushaji aliyekosa ushindi katika mechi 16 hana ushindi uliowekwa akiba mahali fulani ukimsubiri. Kuanzia mechi ya 17 anaanza upya, na uwezekano wake unategemea iningi anazorusha, mikimbio ambayo timu yake inafunga, na watu wanaoshika mpira baada yake.

Mambo hayo matatu yalikuwa yakionekana. Iningi zake zilikuwa chache. Timu yake haikuwa ikifunga sana, hata baada ya Devers kuja. Na mwisho wa Julai, Giants walipowauza Rogers na Doval, uwezekano wa uongozi wake kulindwa katika iningi ya saba, ya nane na ya tisa ulipungua waziwazi. Mshauri alitazama kasi ya mpira kwa uangalifu mkubwa, ila hakurudi kutazama mazingira ya timu. Matokeo yanajieleza: ERA chini ya 3 katika mechi 13 za mwisho, na ushindi 4 tu. Meneja aliyekuwa amepangilia vipengele vyake akiutegemea ushindi wa Verlander aliendelea kuupungukiwa Agosti yote, wakati kulikuwa na warushaji wa timu zenye wapigaji wakali ambao wangeweza kubadilishwa kwa mmoja wa wapigaji wake wa ziada kabla dirisha la ligi yao kufungwa.

Kuhusu mechi ya Atlanta sioni kosa. Wapo watakaosema sharti lilikuwa gumu mno, kwa kuwa lilimnyima meneja ushindi wa kwanza. Siku ile, mtu aliyetoka kupigwa Toronto alikuwa anakwenda ugenini tena siku tano baadaye, na hakuna taarifa yoyote iliyokuwepo Jumanne usiku ambayo ingemfanya mtu makini amwanzishe.

Linalobaki ni nafasi ya benchi yenyewe. Katika wiki ambazo Verlander alikaa, nafasi hiyo haikuzalisha kitu, na meneja anayeshindana kwa idadi ya iningi hulipa gharama hiyo bila kuiona kwenye jedwali lolote. Katika ligi yenye benchi ya watu watatu au wanne, ningemshauri amwachie mara tu baada ya Toronto, nikijua vizuri kwamba kuna mtu mwingine angemchukua na kufaidi Agosti na Septemba. Katika ligi hii benchi ilikuwa na nafasi saba, majeruhi wawili walikuwa na nafasi zao pembeni, na mmoja wa vijana wale wawili waliokuwa huru alirudishwa ligi za chini kabla Agosti haijaisha.